Mwaka Ulioanza kwa Kiberiti

Jumanne, 8 Aprili

Siku sita kabla ya Vishu, mwaka wetu mpya. Kuttappi, mwanangu mchanga, kalala. Nina dakika kumi. Meno yakimuuma, tano.

Nimeamua. Mwaka huu siwashi taa mimi. Mwaka huu nitafumba macho, nitashikwa mkono, nitapelekwa!

Niandike sababu, nisije baadaye nikajiona mwendawazimu. Kitu cha kwanza unachokiona alfajiri ya Vishu ndicho mwaka wako. Ndiyo maana tunapanga kani: karai la shaba, mchele, tango la manjano, fenesi, nazi iliyopasuliwa, nguo mpya iliyokunjwa, dhahabu kidogo, kioo, na maua ya manjano ya mti wa konna yamemwagwa juu kama jua lililovunjika vipande. Taa inawashwa. Kila mtu nyumbani anaamshwa, anazibwa macho kwa kiganja, anaongozwa taratibu hadi mbele yake. Kisha, fungua!

Kila mtu, isipokuwa aliyepanga. Huyo huamka peke yake, hupapasa gizani, huwasha. Anaiona kani kama mpishi anavyokiona chakula: ameshiba moshi.

Nilipokuwa mtoto, kiganja cha mama kilinuka manjano na mafuta ya utambi. Nilihesabu hatua. Kumi na nne kutoka kitandani. Nilipofungua macho niliona dunia imeumbwa sasa hivi, bado mbichi. Sijaona tena kitu kama kile, hata siku ya harusi yangu. Siku ya harusi niliona viatu vya watu.

Nimeolewa miaka sita. Mwaka wa kwanza tu mama mkwe wangu, Amma, alinikabidhi karai. Alisema amewasha miaka thelathini na minne, sasa mgongo umestaafu. Mdomo haujastaafu. Kila Vishu anaamka nami, anasimama nyuma yangu na chupa ya mafuta, anasema utambi umepinda.

Na mwaka jana kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kiberiti. Kiberiti! Mwaka mzima nimefanya nini? Nimewasha moto, nimezima moto. Homa za Kunjatta, binti yangu wa miaka mitano. Mashine ya kusagia imeungua. Bafu linavuja. Ushahidi upo.

Mpango wa kwanza: kuugua. Jumapili jioni nitakuwa hoi kitandani, mwingine apange. Lakini ugonjwa wa ghafla hutiliwa shaka, kwa hiyo nimeanza leo na kikohozi chepesi. Nimekohoa mara tatu jikoni. Kwa ustadi, nadhani.

Jumatano, 9 Aprili

Balaa.

Amma, ambaye hasikii sufuria ya mvuke ikipiga mbinja kando ya sikio lake, alisikia kikohozi changu kupitia kuta mbili. Hakuuliza kama nina homa. Hakuuliza kifua. Aliuliza jambo moja tu: nilikausha nywele?

Kabla sijajibu alikwisha hukumu. Nilioga nikiwa na jasho! Maji yameingia kwa utosi! Si aliniambia? Aliniambia lini? Aliniambia mwaka juzi!

Kahawa ya pilipili manga. Unga wa dawa ukasuguliwa utosini hadi nikaona nyota. Blanketi kichwani, uso juu ya sufuria ya maji ya moto. Marufuku mtindi, marufuku feni, marufuku kulowesha nywele siku tatu.

Saa nne asubuhi habari zilikwisha fika barabarani. Muuza samaki alisimamisha pikipiki langoni akauliza kwa sauti ya kuuzia samaki kama nilikausha nywele. Mleta barua akashauri tangawizi. Dereva wa bajaji ya shule akasema shangazi yake alikuwa mzima kabisa, akaoga jioni, na sasa tunamkumbuka tu.

Nilisimama mlangoni na blanketi langu, nikastaajabu. Kweli nilistaajabu! Watu hawa hawakubaliani juu ya kitu chochote. Wana vyama vyao, dini zao, bendera zao. Waligombana miezi minane juu ya rangi ya kituo cha basi. Lakini juu ya hili wote ni ndugu wa tumbo moja: magonjwa yote ya dunia huingia kwa utosi. Nani aliwafundisha? Hakuna. Wamezaliwa wanajua. Hata mimi, niliyejua kwamba siumwi, nilijigusa nywele.

Jioni nilikuwa nimepona. Kibaya zaidi, sijajisikia mzima namna hii tangu nizae. Kikohozi ambacho hakikuwepo kimetoka chote. Amma amewatangazia majirani kwamba Jumapili nitakuwa na nguvu za kupanga kani nzima peke yangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mpango wa pili: mume.

Prajeesh anatengeneza simu mjini. Asubuhi ana chai na ana gazeti, na mpaka amalize ukurasa wa tanzia hata nyumba ikiungua ataomba isubiri. Nikasubiri. Alipokunja gazeti nikasema, kama mtu anayeongea na ukuta, kwamba nimesoma mahali fulani kuwa zamani kani ilipangwa na mwanamume wa nyumba.

Akauliza gazeti gani. Ukurasa wa ngapi. Toleo la mji au la wilaya.

Nikasema labda nilisikia kwa mtu. Akasema jambo hili ni zito, akaenda nalo kwenye kibanda cha chai.

Alikaa huko saa mbili na nusu! Karudi uso unang'aa. Wamelijadili. Mwalimu mstaafu alianza na jinsi ardhi ilivyogawanywa enzi za babu zetu. Mwingine akajibu kwa mkutano mkuu wa chama chake. Wa tatu akamkumbuka marehemu mama yake, akashindwa kuendelea, akanunuliwa chai. Hatimaye, azimio: mwanamke wa nyumbani ameonewa kwa karne nyingi, na imetosha. Limepita bila kupingwa! Hata wale ndugu wawili wasiosalimiana kwa ajili ya mpaka wa kisima waliinua mikono pamoja.

Nilishikwa na machozi. Sitanii. Vikombe kumi na sita vya chai, na wanaume hawa wakafika wenyewe mahali ambapo mimi sikuweza kufika kwa miaka sita.

Nikauliza basi, hapa kwetu, Jumatatu, nani atawasha taa?

Akasema hilo ni suala la utekelezaji. Litajadiliwa kikao kijacho. Kikao kijacho ni Jumanne, maana Jumatatu kibanda kimefungwa kwa ajili ya Vishu.

Kisha akaomba chai.

Ijumaa, 11 Aprili

Mpango wa tatu, na safari hii ni mpango kweli. Dada Subaida!

Yuko ng'ambo ya ukuta wetu wa nyuma. Mti wa konna wa mtaa mzima ni wake. Kila Vishu anatuchumia maua nyumba kwa nyumba, nasi tunampelekea uji mtamu wa maziwa na vitumbua. Idi ikifika sufuria yake ya biriani inapita pale pale palipobomoka ukuta. Nimepita hapo hapo na Kuttappi kiunoni. Nilimkuta anasafisha vibua. Nikamweleza yote, pamoja na kiberiti.

Alicheka hadi akashika bomba la maji. Kisha akaweka kisu chini. Akasema, "Miaka ishirini na miwili nawachumia maua. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kama najua yanakaa upande gani."

Nikamuuliza kama anajua.

Anajua! Alipokuwa msichana alikuwa anachungulia dirishani kwa jirani kila mwaka, amejibana kwenye mgomba. Kioo nyuma, si kando. Tambuu chini ya popoo. Tango lielekee mlango. Nguo ikunjwe pindo la dhahabu lionekane nje. Mimi nimelikunjia ndani miaka sita! Nilimsikiliza mdomo wazi, mikono yake ina magamba ya samaki hadi kwenye viwiko, anapanga kani hewani kipande kwa kipande, na naapa niliiona.

Tumeafikiana. Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri atapita mlango wa jikoni, nitauacha bila komeo. Atapanga, atawasha, atakuja kuniziba macho. Sharti moja: Amma asijue. Kwa Amma, kani isiyowashwa na mwanamke wa nyumba ni kama chai isiyo na majani.

Akaapa kwa mti wake.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua!

Saa kumi na moja jioni. Radi kwanza, halafu upepo, halafu mbingu nzima ikamwagwa kwa ndoo. Mimi na Kunjatta tulisimama barazani tukautazama mti wa Dada Subaida ukipukutika. Ndani ya robo saa ukawa uchi. Maua yote mferejini, mfereji umejaa manjano, unakimbia kuelekea mtoni. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona mwaka huu, na nilikichukia.

Kunjatta akauliza kama mwaka umemwagika. Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba miaka haimwagiki, akanawe miguu. Kisha nikaingia bafuni nikafungua bomba nikalia. Kidogo tu. Maji ya bomba ni ghali, hayafai kufichia machozi.

Prajeesh karudi na maua ya konna ya plastiki. Amefurahi mno. Yanaoshwa kwa sabuni! Yatatumika miaka kumi! Nikamshukuru. Ni mtu mwema.

Usiku huo huo wifi yangu Reshna, aliye Bengaluru, akatuma picha kwenye kundi la familia. Kani yake ya majaribio. Ya majaribio! Bangili zote zimetandazwa, hata zile ninazojua ni za mama mkwe wake. Kila mwaka anatuma picha saa kumi alfajiri, ili sisi wengine tufungue macho juu ya dhahabu yake. Simu yangu itazimwa. Itazikwa ndani ya mchele.

Nilipoenda kuanua nguo, nikasikia mtu ananong'ona "sss" kwenye ukuta. Dada Subaida. Kidole mdomoni. Akaelekeza jikoni kwake, akachora mlango wa friji hewani. Alichuma jana! Alisema magoti yake yalimwambia mvua inakuja. Konna ipo, furushi zima limefunikwa kwa jani la mgomba, rafu ya pili, chini ya vibua.

Nilimbusu juu ya ukuta. Tofali likaanguka.

Jumapili, 13 Aprili

Siku ya hila kubwa. Vitu vya kani lazima nivitafute mimi, la sivyo Amma atashtuka, lakini sitaki kuviona pamoja. Kwa hiyo kila kimoja kina maficho yake. Fenesi stoo. Maembe ndani ya ndoo. Kioo kimegeuziwa ukuta. Tango la manjano nimeliweka chini ya kitanda cha Kuttappi, naye kalivumbua, amelipiga makofi ya mapenzi mchana kutwa. Sasa halali bila kulishika. Maficho yote nimemnong'oneza Dada Subaida penye ukuta.

Amma alinikuta natoka stoo na fenesi kubwa mikononi, nimefumba jicho moja ili nisilizoee. Akauliza kama maji yamerudi kichwani. Nikasema ndiyo, kwa kukosa la kusema. Kosa! Pilipili manga tena.

Amma mwenyewe leo haeleweki. Aliniuliza mara mbili nitaamka saa ngapi. Alasiri alichukua chupa ya mafuta akapaka bawaba za mlango wa jikoni, yeye ambaye mgongo umestaafu. Akasema mlio wake unamkera. Mlango huo umelia miaka sita.

Uzee.

Komeo limeachwa. Simu imezikwa. Mungu, nisaidie nisifumbue jicho mtoto akilia.

Jumatatu, 14 Aprili

Vishu.

Kuttappi yuko mapajani anakula kona ya daftari. Lakini lazima niandike leo leo.

Niliamka kabla ya wakati, macho nimeyafumba kabisa. Nikalala hivyo hivyo nikisikiliza. Mlango wa jikoni haukulia. Vyombo viligongana kidogo. Kiberiti kilipigwa, mara moja, mbali, na mkono usio wangu! Nilitabasamu peke yangu gizani kama mwizi.

Nyayo. Kiganja kikatua machoni pangu.

Nilitazamia sabuni na vibua. Kiganja hiki kilinuka mafuta ya nazi na dawa ya kuchua mgongo. Nikawaza, maskini Dada Subaida, naye mgongo.

Tukaanza kwenda. Nilihesabu. Hatua ya nne tukagonga kabati. Ya tisa tukagonga meza. Nilishangaa, mwanamke huyu hupita penye ukuta uliobomoka na sufuria ya biriani kichwani, leo kapatwa na nini? Ndipo nikasikia mtu ananong'ona mbele yetu kwa hasira na kicheko, "Kushoto! Kushoto, jamani, mtaingia chooni!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Dada Subaida. Alikuwaje mbele yangu na nyuma yangu kwa wakati mmoja? Sikusimama kufikiri. Nilikuwa nahesabu.

Hatua ya ishirini na tatu nikasikia harufu ya vibua. Tumefika.

Kiganja kikaondoka. Fungua!

Sijui kuandika nilichokiona. Mchele, tango, fenesi, nazi. Vitu vile vile nilivyovificha mwenyewe kwenye ndoo na stoo. Nilivijua vyote! Na sikuvijua. Vilikuwa vimekaa pamoja ndani ya mwanga mdogo kama watu wa ukoo mmoja wanaonisubiri tangu zamani. Pindo la dhahabu nje. Konna imemwagika pande zote, ukingoni mwa karai, sakafuni, kila ua na taa yake ndani. Nilikuwa na miaka mitano. Sikuwa nimechoka. Kwa mara ya kwanza tangu Kuttappi azaliwe, hakuna sehemu ya mwili wangu iliyokuwa imechoka.

Kisha nikatazama kioo. Uso wangu, nywele kama kiota. Na kando yake uso mwingine, ndio kwanza unafumbua macho.

Amma!

Alinivusha nyumba nzima naye kafumba macho. Mkono mmoja usoni kwangu, mwingine ukutani. Vipofu wawili tumepitia kabati na meza, Dada Subaida mlangoni mwa jikoni anatuelekeza kama anaegesha lori.

Amma alitazama tu. Kidevu kilimtetemeka. Mara ya mwisho kuongozwa alikuwa na miaka ishirini, kwao, kiganja cha bibi yake. Miaka arobaini! Thelathini na minne ya kuwasha, na sita ya kusimama nyuma yangu na chupa. Na mimi nilidhani ni utambi tu uliokuwa unamsumbua.

Nikamgeukia Dada Subaida. Si aliapa? Akasema aliapa kwa mti, na mti si tuliuona wote ukipukutika juzi?

Amma akajifuta uso kwa pindo la nguo. Akaniambia, "Ungesema tu, mwanangu."

Nikamwambia na yeye angesema tu.

Akafikiri. Akasema utambi umepinda.

Tukawaamsha watoto. Safari hii kiganja kilikuwa changu, kwenye macho ya Kunjatta, na kope zake zilinitekenya kama kipepeo. Alihesabu hatua. Ishirini na tatu. Sikuwa nimemfundisha. Alipofungua macho alinyamaza, mtoto ambaye hajanyamaza tangu aje duniani. Kisha akauliza, polepole, kwa nini mwaka unanuka samaki.

Kuttappi aliliona tango lake akapiga kelele ya furaha, akalikumbatia. Huo ndio mwaka wake.

Prajeesh tulimsahau. Aliamka mwenyewe, akashika simu, na kitu cha kwanza alichokiona ni bangili za Reshna. Mwaka mzima wa dada yake! Alikuja akakaa kitako mlangoni, na maua yake ya plastiki mkononi. Nikampa nafasi karibu na taa.

Amma akagawa sarafu za baraka, kila mtu moja kiganjani. Moja kwangu. Moja kwa Dada Subaida, mwenye miaka hamsini na minane, aliyeipokea kwa mikono miwili na kuifunga kwenye ncha ya mtandio wake kama msichana anayeogopa kuipoteza njiani.

Jumanne, 15 Aprili

Siku tulivu. Konna imenyauka, nyumba bado inanuka vibua.

Nimeandika maneno ya Amma kwenye jalada la daftari hili, kwa herufi kubwa: UNGESEMA TU. Ni kweli kabisa. Kikohozi, gazeti, jicho moja, vyote havikuhitajika. Mtu anafungua mdomo anasema. Nimelielewa somo na nitalishika maisha yangu yote.

Sasa, Onam, sikukuu yetu ya mavuno. Tarehe tano Septemba. Karamu ya jani la mgomba huliwa kwa mikupuo, na sisi tunaopakua hukaa mkupuo wa mwisho, kaukau za ndizi zimekwisha, zimebaki achari na majuto. Mwaka huu nataka mkupuo wa kwanza. Jani zima. Nipakuliwe mimi.

Ningeweza kumwambia Amma. Lakini jambo kama hili huwezi kulisema hivi hivi. Linahitaji maandalizi. Mtu mwenye kifundo cha mguu kilichoteguka hawezi kupakua, lazima aketi. Na ugonjwa wa ghafla hutiliwa shaka, kwa hiyo ni afadhali kuanza mapema.

Leo nimechechemea kutoka kisimani hadi jikoni. Kidogo tu. Kwa ustadi, nadhani. Lakini kikaango cha mafuta ya kuchulia kimekwisha bandikwa jikoni, na sasa hivi muuza samaki amesimamisha pikipiki langoni, anauliza kama nilikausha nywele.